Boma Tulilolifuta Kwenye Ramani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi, na hotuba ndefu kutoka kwa mtu ambaye sikuwahi kufanya kazi naye. Asanteni. Saa nimeitundika jikoni, blanketi mama mkwe amelichukua, na hotuba nimeisamehe. Mwita, kijana wangu wa ramani kule Migori, ndiye aliyenivuta kando akaniambia, "Madam, yaliyo kwenye faili tunayo. Tuandikie yale yasiyomo." Nimekaa hapa Homa Bay mwezi mzima nikijifanya mkulima wa sukuma wiki, na sukuma wiki yenyewe imeliwa na kuku wa jirani, basi nafasi ninayo. Vyeo sitavitaja. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende ofisi ya wafanyakazi, wao ndio wanapenda tarehe.

Nilianza papa hapa Homa Bay, enzi za wilaya, nikiwa msaidizi wa afisa wa mipango. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Bosi wangu, Bwana Wasonga, alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusafisha miwani kila alipotaka kukukosoa. Aliniangalia miguu, akasafisha miwani, akasema, "Leo tunaenda kuona daraja." Hakusema daraja liko mbali kiasi gani na mahali gari linapokwama. Nilirudi jioni pekupeku, viatu mkononi, na kesho yake nikakuta gambuti chini ya meza yangu, saizi yangu kabisa.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa unakuachia karatasi ya buluu na aibu. Alinifundisha kutofika kwa watu saa ya chakula, maana watakulisha wewe na watoto wao walale na njaa. Na kila tulipofika kijiji cha kando ya mto, kabla hajatoa karatasi yoyote, aliuliza swali moja: maji yalifika wapi? Mtu alikuwa akisahau mwaka, anasahau jina la waziri, hata jina la mtoto wa dada yake, lakini anakupeleka mpaka ukutani na kukuonyesha kwa kidole: hapa. Bwana Wasonga anachora mstari kwa chaki, anapima, anaandika. Nilifikiri ni kazi ya kizee. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba anayejua maji yalifika wapi jana ana ruhusa ya kuuliza yatafika wapi kesho.

Ugatuzi ulipokuja, wilaya zikawa kaunti, nikahamia Migori. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, maafisa watatu, viti viwili, na nje ya dirisha bodaboda wakigombania abiria kuanzia asubuhi. Kazi yetu ilikuwa mipango ya miaka mitano mitano. Mnaijua. Kila anayechaguliwa anakuja na barabara yake mfukoni, na miaka mitano ikiisha anaondoka na mwenzake anakuja na barabara nyingine. Sisi wa mipango tulikuwa kama mafundi cherehani, tunashona kila kipande kinacholetwa na kukiita suti.

Halafu likaja agizo kwamba tutazame miaka thelathini mbele. Walikuja washauri na projekta, wakatuweka hotelini siku tatu, wakatufundisha jambo lenye jina refu la Kiingereza ambalo sisi tuliliita kutazama mbali. Nilienda nikiwa nimenuna, nikidhani ni warsha kama warsha zingine, utakula kuku na kurudi na kalamu. Lakini niliipenda kazi ile, nisiwadanganye. Niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Hawakutuambia tutabiri. Walisema mtabiri ni mwongo aliyevaa tai. Walisema tengenezeni hadithi nne za kesho: ziwa likipanda, ziwa likishuka, dhahabu ikiisha, vijana wakihama; kisha kwa kila hadithi jiulizeni, leo tungefanya nini ili siku hiyo isitukute tumelala? Nilirudi Migori nikiwa mtu mpya, na kama watu wapya wote nilikuwa msumbufu.

Nilianza na wachimba dhahabu kule Macalder. Nilimkuta mchimbaji mmoja ametoka shimoni, vumbi mpaka kwenye kope, nikamuuliza, "Ndugu yangu, miaka ishirini ijayo unaona nini hapa?" Akanywa maji kwanza. Akasema, "Madam, mimi napanga mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikipita hapo namwachia Mungu." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, nikaanza kukunja karatasi zangu. Ndipo akaniita, "Lakini kijana wangu asishuke shimo hili. Hiyo andika." Nikaiandika. Kule Kegonga, nyumbani kwa Mwita, nilikaa na mama wa Kikuria kwenye shamba la tumbaku nikamuuliza tumbaku ikikosa mnunuzi watapanda nini. Akaniambia, "Unauliza tutapanda nini. Uliza nani atapanda. Wangu wote wako Nairobi." Mwita alikuwa akitafsiri, na alipofika hapo sauti ilipungua, maana yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa hao waliowahi kuondoka.

Sasa nije kwa Kanyadede, kwa sababu ndipo nilipokosea. Msidhani nimekosea hapo tu, ila hili ndilo linaloniamsha usiku.

Kanyadede iko chini kabisa, mto unapokaribia ziwa. Dispensari yake ilikuwa bondeni na muuguzi wake alikuwa Rispa, mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu, ambaye wanakijiji walimwita daktari na yeye alichoka kuwakataza. Rispa aliandika barua tatu ofisini kwetu. Ya tatu aliileta mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu kwa kuwa hakukuwa na kingine, akasema, "Madam, mafuriko yaliyopita nilizalisha mama juu ya meza ya dawa, mimi nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, nayo bado yanapanda. Mtoto yuko, anatembea. Lakini mimi sitaki kujaribu bahati tena." Tulienda naye. Ukutani alikuwa amechora mistari miwili kwa kalamu ya hospitali, ule wa mafuriko ya zamani na ule wa mafuriko mapya. Wa pili ulikuwa juu ya wa kwanza kwa kiasi cha mkono mzima.

Kwa hiyo haja ilikuwa moja, na mtoto angeielewa: dispensari ipande kwenye mwinuko kabla maji hayajapanda tena. Na mwinuko wote ulikuwa wa mtu mmoja, Mzee Oyier.

Tulirudi ofisini kuchora ramani ya Kanyadede ya miaka thelathini ijayo, katika ile hadithi ambayo ziwa limepanda. Mwita alikuwa kwenye kompyuta, mimi nyuma yake na chai. Tukaondoa nyumba za bondeni, tukapandisha shule, tukapandisha soko, tukaweka dispensari juu kabisa na barabara inayoenda moja kwa moja hadi mlangoni. Mwita akasimama.

"Madam, hapa kuna boma. Nilifanye nini?"

"La nani?"

"La Mzee Oyier."

"Ana miaka mingapi?"

"Themanini na kitu."

Nikasema, na Mungu anisamehe, "Mwita, themanini ongeza thelathini. Kwani hesabu hukusoma? Toa."

Mwita hakutoa. Alikuna shingo, akasema, "Kwetu mzee akiona kitu kama hiki..."

"Kwenu ni kwenu. Toa, tumalize."

Akabonyeza. Boma likatoka, barabara ikanyooka. Ilipendeza, wallahi. Mimi, binti wa Mjaluo, niliyelelewa ndani ya boma lenye makaburi manne mbele ya nyumba, nilikunywa chai yangu nikaona kazi imependeza.

Mkutano tuliufanyia kanisani, siku ya Jumanne, maana Kanyadede ni Waadventista wengi, watu wa Sabato, na mtu wa mipango akipanga mkutano Jumamosi atahutubia viti. Ramani tuliichapisha kubwa kama bango la kampeni. Watu walijaa mbele yake. Mtu akipewa ramani, ninyi mtafundishwa vinginevyo lakini niaminini mimi, hatafuti kaskazini. Anatafuta kwake. Mama mmoja alipaona kwake pamehamishwa kilimani akafurahi, akaanza kuuliza kama atahama na kuku. Mkutano ulikuwa mzuri kwa robo saa.

Mzee Oyier akaja mbele na fimbo yake, kofia mkononi, miwani imefungwa upande mmoja kwa uzi. Alifuata mto kwa kidole. Akafuata bonde, akapanda mwinuko, akaifuata barabara yetu iliyonyooka. Kidole kikasimama.

"Mimi niko wapi?"

Aliuliza kwa Kiswahili ili Mwita asikie pia. Nikaanza kueleza. Nikamwita Jaduong', mzee kwa Kijaluo, nikasema hii ni hadithi tu, si kwamba, miaka thelathini, unajua. Nilikuwa nikiisikia sauti yangu na hata mimi nilitamani ninyamaze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia.

"Kwa hiyo mmenizika," alisema. "Na hata kaburi hamkunipa."

Akatoka. Wazee wakamfuata, kisha vijana, kisha yule mama wa kuku. Hakuna aliyepiga kelele. Rispa alibaki akipanga mabenchi ya kanisa mahali pake, bila kuniangalia. Angenikaripia ningejisikia vizuri. Njia nzima kurudi Migori Mwita hakuniambia hata mara moja "nilikwambia", jambo ambalo sijamlipa mpaka leo.

Mzee akakataa kabisa. Mwinuko hautolewi, si kwa dispensari, si kwa kanisa, si kwa yeyote. Chifu alituma ujumbe, ukarudi. Mwakilishi wadi alienda na kilo mbili za sukari, akarudi na kilo mbili za sukari. Miezi ikapita, ziwa likaanza kusogea tena kwenye matete, na Rispa akaanza kuhamisha dawa kutoka rafu za chini kwenda za juu. Kila alipohamisha rafu alinipigia simu. "Leo nimefika ya tatu," ananiambia. Rafu zilikuwa tano.

Nikaona aibu haijengi dispensari. Nilimchukua Mwita tukaenda bila ramani, bila barua, bila chifu. Mke wa mzee, Min Otieno, yaani mama yake Otieno, alitukaribisha na kututilia uji. Mzee alikaa akiutazama mguu wake. Kwa kuwa Mwita hajui Kijaluo tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili cha mzee kilikuwa cha mgodi wa zamani wa Macalder, alikofanya kazi ujanani kabla haujafungwa. Kilikuwa kizuri kuliko changu.

Nikasema, "Jaduong', nimekuja kuomba msamaha. Si kijana huyu aliyekufuta. Yeye alikataa. Ni mimi."

"Wewe ni binti wa wapi?"

"Homa Bay."

"Baba yako yuko?"

"Alifariki."

"Amezikwa wapi?"

"Nyumbani. Mbele ya nyumba yake."

"Ukienda nyumbani humkuti?"

Nikafikiria. "Namkuta."

"Basi mimi miaka thelathini nitakuwa nimeenda wapi?" Akanigeukia sasa. "Nitakuwa hapa hapa. Tena nitakuwa nimetulia, sitatoka toka kama siku hizi."

Min Otieno akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Kwa maana alichosema hakikuwa cha kuniaibisha tu. Kilikuwa sahihi. Ramani yetu ilikuwa mbovu kama ramani. Miaka thelathini ijayo, katika hadithi yoyote kati ya zile nne, pale mwinukoni kutakuwa na boma, kutakuwa na kaburi la mzee na la mke wake, na kutakuwa na mjukuu amesimama na panga mbele ya tingatinga. Barabara yetu iliyonyooka ilipita juu ya watu ambao hawataondoka kamwe. Nilidhani nimekosa adabu, kumbe nilikuwa nimekosea hata kazi yenyewe. Ninyi mnaotazama mbali, sikieni: tunahesabu watakaozaliwa na watakaohama, na tunawatoa waliokufa kana kwamba wao hawakai mahali. Huku kwetu wao ndio wakazi wa kudumu.

Mwita akafungua kompyuta pale pale mapajani. "Mzee, nitajie, nirudishe." Mzee akasogeza kiti. Nyumba yangu hapa. Ya mama hapa, kulia. Lango liangalie huko. Simba ya Otieno, ile nyumba ndogo ya kijana aliyokaa kabla hajaoa, kando ya lango. Mwita akiweka, mzee akisahihisha, "Si hapo, sogeza, unamweka mtoto chooni." Barabara ikapinda kulizunguka boma. Walikuwa wamependana tayari, wale wawili, mimi nikawa mgeni.

Kisha Mwita akauliza kuhusu uwanja ulio chini kidogo ya boma. Tuliuona kutoka tulipokaa: umezungushwa ua wa ojuok, ule mti wa maziwa, na ndani hakuna kitu. Si mahindi, si mbuzi. Majani yamefyekwa mafupi. Katika nchi ambayo ndugu wanapelekana kortini kwa upana wa jembe moja, pale palikaa tu.

"Na hapa ni kwa nani?"

Min Otieno ndiye aliyesema, taratibu, "Hapo ni kwa Okeyo."

Akatueleza. Mzee alipofungua boma hili akiwa kijana alitenga kabla hata ya watoto kuzaliwa: mtoto wa kwanza atatoka kujenga boma lake kule, wa pili pale. Otieno alijenga. Okeyo, wa pili, alivuka mpaka kwenda kutafuta dhahabu Tanzania. Barua zilikuja, kisha salamu, kisha hapakuja kitu. Sasa hata waliokuwa wakileta salamu wamezeeka. Na kila baada ya mvua mzee huchukua panga akafyeka mwenyewe, hataki kusaidiwa.

Niliutazama uwanja ule na nikajua, kama mtu wa kazi yangu anavyojua. Ulikuwa juu ya maji ya hadithi zote nne. Haukuwa na kaburi. Barabara ilipopinda ilipita langoni pake. Hapakuwa na mahali pengine pazuri kama pale Kanyadede nzima, na mimi, niliyekuwa nimeuliza nusu ya kaunti kuhusu miaka thelathini, sikuweza kufungua mdomo. Ningemwambia nini? Kwamba mpango wake umepitwa na wakati? Nilimaliza uji wangu, nikashukuru, tukaondoka.

Garini Mwita akasema, "Madam, pale ndipo."

"Najua. Nyamaza."

Yaliyofuata nimesimuliwa na Rispa. Mzee alishuka dispensari mwenyewe, mguu ulikuwa umevimba. Maji yalikuwa tayari yamelowesha kizingiti. Alipokuwa akisubiri kufungwa bandeji akaona ile mistari miwili ukutani, akaisogelea, ule wa juu ukamfika kifuani.

"Maji yakifika hapa," akauliza, "wewe unakuwa wapi?"

"Hapa hapa, Mzee."

"Si ukimbie?"

"Nikimbilie wapi? Mtu akija asikute mtu?"

Rispa anasema mzee aliutazama ule mstari mpaka yeye Rispa akaogopa kwamba presha imepanda. Kisha akanyoosha mguu afungwe, akaenda zake bila kuaga. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na Otieno: baba anasema yule binti wa Homa Bay alete ramani yake. Tulifika, na mzee hakutukaribisha hata uji. Alitembea mpaka kwenye ua wa ojuok, akaingiza fimbo ndani, akasema, "Hapa." Nikamwambia, "Jaduong', una hakika?" Akaniambia nisimuulize swali hilo mara mbili.

Ikabaki bodi ya ardhi, ambayo haipitishi shamba mpaka familia nzima ikubali. Tulikaa kwenye chumba chao, mzee, Min Otieno, Otieno, mimi na Rispa aliyefunga dispensari kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Min Otieno akakubali, akaweka kidole gumba. Otieno akakubali, akatia sahihi. Karani alikuwa kijana mpole, mwenye foleni ndefu nje. Akapitisha kalamu kwenye orodha ya familia.

"Na huyu Okeyo? Hapa kuna watoto wawili. Amekubali?"

Otieno akaangalia sakafu. Karani akasubiri, akainamia meza, akasema kwa sauti ya chini, kwa nia njema kabisa, "Mzee, kama ni marehemu nambie tu niandike marehemu. Itaenda haraka."

"Usiandike hivyo."

"Sasa niandike nini, Mzee?"

Mzee Oyier alishika fimbo kwa mikono miwili. "Shamba hilo nilimwekea ili siku akija apate mahali pa kufikia. Miaka yote hii angekuja angekuta majani. Sasa akija atakuta taa inawaka, na mtu yuko macho. Atakataa nini?"

Karani akamtazama mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti akatazama dirisha, akaitikia kwa kichwa. Wakaandika kwamba baba amesema kwa niaba ya mwanawe. Rispa alitoka nje, nami nikamfuata, tukasimama kwenye jua.

Dispensari ikajengwa. Sitawachosha na zabuni, zimo kwenye faili. Mshauri mmoja aliipitia ramani ya mwisho akauliza kwa nini barabara inapinda pale juu bila sababu. Nikamwambia kuna mtu anakaa pale. Akahesabu umri kama mimi nilivyohesabu, akaniambia kwamba miaka thelathini ijayo hatakuwepo. Nikamwambia aje Kanyadede abishane naye. Boma liko kwenye ramani mpaka leo, na ninyi mkilifuta nitarudi kutoka kustaafu.

Maji yalikuja msimu wa pili baada ya dispensari kufunguliwa. Yaliipita mistari yote miwili ya Rispa kule bondeni, yakafika dirishani. Alinipigia simu asubuhi. Nilisikia mtoto mchanga akilia nyuma yake, na wanawake wakiongea wote kwa pamoja.

"Madam," akasema, "nimevaa viatu vikavu."

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita Kanyadede kuaga. Jioni ilikuwa inaingia, wagonjwa wamebaki wawili. Mzee Oyier alikuwa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Nikamuuliza Rispa anaumwa nini. Akasema haumwi chochote. Anakuja kila jioni. Anangoja mgonjwa wa mwisho atoke, halafu anauliza, "Leo amekuja nani?" Na Rispa anachukua daftari la wagonjwa na kumsomea majina, la kwanza hadi la mwisho, wanaume na wanawake, na walikotoka. Sheria hairuhusu. Mimi nimestaafu, sikusikia.

Siku hiyo walikuwa kumi na tisa. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, sikio zuri likielekea kwa Rispa. Lilipofika la mwisho alingoja kidogo, labda kuna jingine limerukwa. Kisha akasimama, akavaa kofia.

"Haya," akasema. "Kesho basi."